KUPIMWA SI KUCHUJWA
Historia fupi ya vipimo vya akili, na yale mzazi atakayoyakuta

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Kila tukutanapo katika sherehe zetu hizi hupenda kukumbushana habari za bweni, za kengele ya alfajiri, za maharage ya jikoni na za timu yetu ya mpira. Ni vizuri. Lakini iko habari moja ambayo hatuigusi, nayo ni jinsi tulivyoingia hapa. Sote tulipita katika tundu moja dogo, yaani mtihani wa Darasa la Saba. Na kwa kuwa tulipita, tumezoea kuamini kwamba tundu lile lilikuwa likipima akili, na kwamba waliobaki nje walibaki kwa sababu hawakuwa nazo.

Mimi nilimaliza Darasa la Saba mwaka 1993 katika shule moja ya mlimani. Kwenye dawati letu tulikaa watatu. Mmoja wetu, ambaye sitamtaja jina, alitupita wote kwa hesabu za kichwa. Redio ya babu yake ilipokufa, aliifungua na kuifufua. Zamu ya ukoo wao ya maji ya mfongo ilipofika, wazee walimtuma yeye kwenda kuyafungulia, maana alijua yatapita wapi na yatafika saa ngapi. Lakini alipoambiwa asimame asome kitabu, herufi zilimgeuka. Alikwama kwenye neno la pili, darasa likacheka, naye akachapwa. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, lake halikuwamo. Nakumbuka nilisema, kama walivyosema wengine, kwamba "hana kichwa."

Makala hii naiandika kwa ajili ya neno lile. Nataka kuonyesha kwamba kuna mambo mawili ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja yamechanganywa kana kwamba ni jambo moja. Mchujo huuliza: nani aingie, nani abaki? Kipimo cha kweli huuliza: mtoto huyu anajifunzaje, na asaidiweje? Tukilichukua jibu la swali la kwanza tukalifanya jibu la swali la pili, twawadhulumu watoto.

Kabla ya kalamu na karatasi

Isidhaniwe kwamba kabla ya shule za misheni watoto wa Kilimanjaro hawakupimwa. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa huku mlimani, alitoa mwaka 1940 kitabu kiitwacho Chaga Childhood, na humo alieleza jinsi mtoto wa Kichagga alivyojifunza kwa kuiga, kwa michezo, kwa vitendawili na kwa kazi zilizopanda kadiri ya umri wake. Vijana walipoingia jandoni walifundishwa kwa mregho, yaani kijiti kilichochongwa alama, kila alama na fundisho lake. Mtoto alijulikana kwa kazi aliyopewa: kuchunga mbuzi bila kupoteza hata mmoja, kupeleka ujumbe bila kuuharibu, kukata majani na kuyafikisha nyumbani.

Sisemi kwamba zamani zile zilikuwa pepo. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa aliweza kufichwa, na hata leo wapo wanaofichwa vyumba vya nyuma. Nasema tu kwamba kipimo cha wazee kilitoka katika maisha ambayo mtoto mwenyewe aliyaishi. Kipimo cha karatasi kilikuja kutoka mbali.

Kipimo kilivyozaliwa

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuchunguza habari za watoto waliokuwa wakishindwa shuleni. Elimu ilikuwa imefanywa ya lazima, na walimu walikuwa wakisukuma nje watoto kwa kudhania tu. Alfred Binet, pamoja na daktari Théodore Simon, walitoa mwaka 1905 orodha ya maswali na kazi 30, kuanzia zile nyepesi hadi zile ngumu: kufuata mwanga kwa macho, kutaja vitu vilivyo katika picha, kurudia tarakimu, kueleza tofauti ya vitu viwili. Nia ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili apewe mafunzo yanayomfaa. Mwaka 1909 Binet aliwapinga waziwazi waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Yeye aliamini kwamba akili hufundishika.

Lakini kitu kikishatoka mkononi mwa fundi, hana amri nacho tena. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alitoa shauri la kugawanya umri wa akili kwa umri wa miaka, ikapatikana namba moja. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikitengeneza upya kipimo kile kwa ajili ya Wamarekani. Mwaka 1917 na 1918 jeshi la Marekani likawapima wanaume zaidi ya milioni moja na nusu kwa mafungu. Kilichoanza kuwa njia ya kumsaidia mtoto mmoja kikawa chekecheo la kuchambua mataifa. Ilichukua muda mrefu kurekebisha. Mwaka 1979 tu ndipo jaji wa mahakama ya California alipokataza vipimo hivyo visitumike kuwapeleka watoto weusi katika madarasa ya waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, kwa sababu vilikuwa vikiwaonea.

Habari hizi zilifika kwetu mapema. Mwaka 1932 Richard Oliver alichapisha huko Nairobi kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika. Miaka hiyo hiyo walikuwapo Kenya madaktari, akina H. L. Gordon na F. W. Vint, waliokuwa wakipima mafuvu na bongo za Waafrika, na matokeo yao yakatumiwa kudai kwamba elimu ya Mwafrika ina kikomo. Sayansi ile imekwisha kukataliwa.

Kosa lao lilikuwa wapi? Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alilionyesha kwa njia rahisi mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ile ile ya kuiga umbo, ila kwa vifaa mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda, maana wao walizoea kutengeneza magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Je, nani mwenye akili zaidi? Hilo lategemea aliyepima alikuja na mkoba gani. Hali kadhalika, utafiti uliofanyika Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba hawakuwa ndio waliopata alama nyingi katika vipimo vya kishule. Aghalabu ilikuwa kinyume.

Mchujo wetu wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa ukoloni mtoto wa Tanganyika alikutana na mtihani wa Darasa la Nne, na aliyepita alikutana na mwingine Darasa la Nane. Idadi ya waliopita haikupangwa kwa kutazama wangapi wana uwezo, bali kwa kutazama nafasi ziko ngapi. Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alipolaumu elimu inayowaandaa wachache na kuwafanya walio wengi wajione wameshindwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Mlango wa Darasa la Kwanza ukafunguliwa wazi, lakini ule wa Kidato cha Kwanza ukabaki mwembamba vile vile. Katika miaka ya 1980 waliopata nafasi katika shule za serikali hawakufika mmoja katika kumi.

Hapa Kilimanjaro shida ilizidi, kwa kuwa shule za msingi zilikuwa nyingi tangu siku za misheni na za kahawa, na nafasi ziligawiwa kimkoa ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Mgao ule ulikuwa na haki yake. Lakini maana yake ni kwamba alama zilizomwingiza mtoto sekondari katika mkoa mmoja ziliweza kumwacha nje mtoto wa mkoa mwingine. Tukifikiri kidogo tutaona kwamba jambo hilo peke yake latosha kuthibitisha kuwa mtihani ule haukuwa mizani ya akili. Wazazi wetu walilijua hilo kimatendo: walichanga, wakajenga shule za binafsi kwa wingi, na wengi walioitwa "walioshindwa" wakaenda kufaulu huko.

Mchujo waweza kukosea upande wa pili pia. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa kuchagua herufi ya jibu uliwapitisha bila kugundua. Kama chekecheo laweza kumwacha hodari na kumpitisha asiyejua kusoma, basi tusilisujudie.

Vijiti vya kiberiti vya Hai

Miaka ya karibuni kumekuwa na wapimaji wenye adabu zaidi, na baadhi ya kazi njema imefanyika nchini mwetu. Mwaka 2002 walitangazwa watafiti wa Tanzania na wa nje waliowapima watoto wa shule huko Bagamoyo. Waliwapa mafumbo ya kupanga na kubagua vitu, kisha wakawafundisha, kwa muda usiofika saa moja, namna ya kuyatatua, halafu wakawapima tena. Alama zilipanda. Isitoshe, aliyekuwa nyuma mara ya kwanza si lazima awe ndiye aliyekuwa nyuma mara ya pili. Kilichopimwa mara ya kwanza kilikuwa mazoea, na cha mara ya pili kilikuwa uwezo wa kujifunza.

Mfano mwingine uko papa hapa kwenye miteremko yetu. Karibu na mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai kuchunguza ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Waliwaona wazee 1,198. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa achore umbo kwa kalamu. Lakini bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu maisha yake yote, akishindwa kuchora, ni ugonjwa huo? La hasha! Basi katika kipimo kilichotungwa baadaye na kuchapishwa mwaka 2014, mzee hupewa vijiti vya kiberiti aige umbo kwa hivyo, na huombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kiberiti kila jiko linacho, na wanyama kila mzee awajua. Hivyo akishindwa, kushindwa kwake kuna maana.

Naomba msomaji akumbuke vijiti hivyo. Ni somo lote la makala hii.

Mzazi atarajie nini

Nakiri kwamba elimu hii sikuipata vitabuni peke yake. Mtoto wangu wa pili alipofika Darasa la Nne aliletwa nyumbani na maneno mekundu daftarini: mvivu, hasikilizi. Mimi, mtumishi wa serikali mwenye shahada ya Chuo Kikuu, nilimwadhibu mara mbili kabla sijamwuliza. Siku ya tatu nilimkuta amejificha nyuma ya banda la ng'ombe na kitabu chake, akijisomea kwa kunong'ona, neno moja moja, machozi yakimtoka. Mvivu hafanyi hivyo. Nikamkumbuka yule mwenzangu wa dawatini. Nikatafuta wa kumpima. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kipimo huanza na macho na masikio. Watoto wengi walioitwa wazito hawaoni ubao au hawasikii vizuri. Hapa Moshi tunayo bahati ya kuwa na KCMC tangu 1971, yenye madaktari wa macho na wa masikio. Mzazi asiruke hatua hii.

Pili, mtaalamu humhoji mzazi kabla ya kumgusa mtoto. Ataulizwa mimba ilikuwaje, mtoto alizaliwaje, aliwahi kupata degedege au malaria kali, alitembea na kusema lini, nyumbani husemwa lugha gani, na kama katika ukoo yupo mwingine aliyepata taabu ya kusoma, maana tatizo hili hutembea katika damu. Chukua daftari zake zote. Usione haya, na usifiche.

Tatu, kipimo chenyewe. Hakuna sindano wala dawa, na mtoto aelezwe hivyo mapema. Atapanga vipande vya mbao, atarudia tarakimu, ataeleza maana za maneno, atakamilisha michoro, atasoma kwa sauti na kuandika. Huchukua saa kadhaa, na huweza kugawanywa kwa siku mbili. Maswali hupanda mpaka mtoto ashindwe, kwa hiyo kushindwa mwishoni si aibu bali ndivyo kilivyotengenezwa. Usimfundishe majibu, maana kumfundisha ni kuuharibu mzani. Alale vya kutosha, ale, avae miwani kama anayo.

Nne, majibu. Namba 100 ndiyo ya katikati, na watu kama wawili katika kila watatu huangukia kati ya 85 na 115. Lakini namba moja haitoshi. Anayesemwa kuwa ana ulemavu wa akili ni yule ambaye, pamoja na alama za chini, kwa kawaida chini ya 70 hivi, ana shida pia katika mambo ya kila siku kama kuvaa, kununua na kujilinda. Mwenye ugumu wa kusoma, uitwao disleksia, ni mwingine kabisa: akili yake ni timamu, ila njia ya kugeuza herufi kuwa sauti ni nzito kwake. Daktari Pringle Morgan wa Uingereza alimweleza kijana wa namna hiyo mwaka 1896. Mwalimu wa kijana yule alisema kuwa kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewapita wenzake wote.

Tano, mzazi aulize bila woga: mtoto wangu analinganishwa na nani? Vipimo vingi vilikadiriwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza. Je, alipimwa kwa lugha aijuayo? Mtoto wa Rombo au Machame aliyeanza na Kichagga, akajifunza Kiswahili shuleni, akipimwa kwa Kiingereza huenda amepimwa Kiingereza tu. Mtaalamu mwema hatakasirishwa na swali hili. Atakuonyesha vijiti vyake vya kiberiti.

Sita, karatasi ya majibu bila mpango ni karatasi tu. Lazima iseme: afanyiwe nini, na nani, kuanzia lini. Hakuna kidonge cha disleksia. Liko fundisho la kusoma la hatua kwa hatua, sauti na silabi, kila siku, kwa saburi, pamoja na muda wa ziada na mtu wa kumsomea maswali. Na kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, zipo huduma ambazo miaka arobaini iliyopita hazikuwapo. Chuo cha Patandi, Tengeru, kinatoa walimu wa elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhakikishia haki ya elimu.

Wataalamu bado ni wachache, safari ni ndefu na gharama si ndogo. Sitawadanganya. Lakini hatua ya kwanza haina gharama: kuacha kusema "hana kichwa."

Neno la mwisho

Wadogo zetu, Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, na hivyo mwenye ugumu huu aweza kujikongoja hadi Darasa la Saba bila kugundulika. Kiingereza cha Kidato cha Kwanza ndicho humkamata. Kama yuko mmoja bwenini mwenu ajuaye kila kitu mdomoni na asiyejua kukiandika, msimcheke. Msomeeni, kisha mwambieni mwalimu.

Wahitimu wenzangu, kila mwaka tunachanga kwa ajili ya sherehe. Naleta shauri: sehemu ya mchango huo ilipie uchunguzi wa macho na masikio kwa kila anayeingia Kidato cha Kwanza, na tupate mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu wa kuwatazama wanaokwama. Ni fedha kidogo kuliko turubai na muziki.

Mwanangu bado husoma polepole, lakini anasoma, na hajifichi tena. Yule mwenzangu wa dawatini ni fundi wa pampu za maji, anajulikana vijiji vitatu. Desemba iliyopita nilipopanda nyumbani alinivuta kando ya uzio wa kihamba, akatoa bahasha mfukoni, akanitaka nimsomee. Ilikuwa barua ya binti yake aliyechaguliwa kidato cha tano, na alikuwa amekaa nayo siku nne akingoja mtu wa kumwamini. Nilimsomea mara mbili. Alipoikunja aliniuliza kama kweli mimi na yeye tulifanya mtihani mmoja.

Nilimjibu kwamba tulifanya mtihani mmoja, lakini yeye hakuna aliyempima.